Mbega si nyani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma, mimi mkulima wa huku Amani, wilayani Muheza.

Mwezi uliopita vijana walimkuta mbega amenasa kwenye tanzi la waya, pembezoni mwa shamba la mahindi. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. "Tumepata nyani, mzee!" wakaniambia kwa furaha. Niliuinua mkono wake niwaonyeshe: vidole vinne virefu, dole gumba hana, pamebaki kinundu tu. Nyani ana gumba, ndiyo maana hukwanyua hindi na kulimenya kama mtu. Mkono wa mbega ni wa kushika tawi na kuruka.

Maisha yake ni huko juu. Alfajiri utamsikia akinguruma, na jua likichomoza hukaa kileleni akiota, manyoya meupe yakimning'inia mabegani. Hula majani zaidi, na tumbo lake lina vyumba vyumba kama la ng'ombe, kwa hiyo hushinda ametulia akisubiri chakula kilainike. Mtoto huzaliwa mweupe kama pamba, na majike wengine humpokea mama yake wakambeba. Mnyama wa namna hiyo amefuata nini chini? Tumefyeka wenyewe kwa ajili ya iliki na mahindi. Kutoka kipande cha msitu hadi kingine hana tawi la kurukia, basi hushuka na kuvuka kwa miguu, akakutana na tanzi lililotegewa mwingine.

Jina si kitu kidogo. Kule Rungwe wawindaji walikuwa wakimtaja kima waliyemwita kipunji. Watafiti walilisikia jina hilo mwaka 2003, wakalifuatilia, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe katika mpangilio wa wanasayansi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na ule wa Ndundulu huko Udzungwa. Wawindaji wale wangemwita kila mwenye mkia nyani, nani angekwenda kumtafuta?

Naomba magazeti na walimu wetu wawataje hawa kwa majina yao: mbega, kima, tumbili, nyani. Serikali za vijiji nazo zisimamie miti iachwe kandokando ya vijito, mbega wapate njia ya juu. Wa Tanga mjini wasione haliwahusu, maana vijito hivyo huingia mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo wanayokunywa.

Kwa majirani zangu wenye waya: nyani wanatula kweli, nami wamenila. Lakini tung'oe hizo tanzi, mahindi yakianza kukomaa tulinde kwa zamu, kwa debe na kombeo, kama walivyolinda wazazi wetu. Zamu ya kwanza nitaishika mimi.

Mkulima wa iliki,
Amani, Muheza, Tanga