Mwanangu, kuhusu huo uwanja wenu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi baada ya salamu. Mimi mamako sijambo, ila goti la kushoto linanitabiria mvua kabla ya redio. Nimekutumia kiroba cha machungwa ya Muheza kwa basi la kesho asubuhi. Ya juu yameiva, anza nayo. Na hilo sweta ulivae, Arusha si Tanga.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali ukakata kabla sijajibu, ukasema gari la zege limefika hapo uwanja mnaoujenga. Uliuliza: "Mama, wewe umefundisha historia miaka yote hiyo. Hivi kuna nchi iliyowahi kufaidika na uwanja wa mpira?" Nikabaki na simu sikioni. Nimelitafuna hilo swali siku tatu, na kwa kuwa simu yako haina subira, nimeona nikuandikie.

Nitakusimulia nchi moja na mwaka mmoja tu: Uruguay, 1930.

Baba yako, Mungu amrehemu, alijua nusu ya kisa hiki. Unamkumbuka alivyokuwa. Kwake yeye historia ya dunia ilianza 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa wa ligi, na yote ya kabla ya hapo yalikuwa maandalizi. Lakini Kombe la Dunia la kwanza alikuwa nalo kichwani, wafungaji mpaka dakika. Mimi nusu yangu ilikuwa ya sheria na mabunge. Tulikutana katikati jioni, kwenye kahawa na kashata, kila mmoja akidhani nusu yake ndiyo kisa chenyewe.

Nianze na yangu, kwa sababu yeye hayupo wa kunikatiza.

Uruguay ilikuwa nchi ndogo isiyofikisha watu milioni mbili, ikiishi kwa ng'ombe na kondoo, ikiuza nje nyama, ngozi na sufu. Imebanwa kati ya Brazil na Argentina kama mtoto wa kati kitandani. Mwanzoni mwa karne ilikuwa nchi ya kupigana wenyewe kwa wenyewe, chama kwa chama, kwa bunduki na farasi. Halafu akaja José Batlle y Ordóñez, rais mara mbili, 1903 hadi 1907 na tena 1911 hadi 1915. Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 1907, miezi michache baada ya kipindi chake cha kwanza kwisha. Mwaka 1913 mwanamke akapewa haki ya kudai talaka kwa kutaka kwake mwenyewe, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mume. Isome tena sentensi hiyo, uangalie na mwaka. Mwaka 1915 ikapita sheria ya kazi saa nane kwa siku. Wewe juzi ulitoka saa ngapi saiti?

Kisha wakafanya jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa hawaliamini mpaka niliandike ubaoni. Kwa katiba iliyoanza kutumika 1919 waliyagawa madaraka ya rais. Rais akabaki na mambo ya nje, jeshi na polisi. Shule, afya, fedha na ujenzi vikapewa Baraza la watu tisa, na chama cha upinzani kikiwa na viti humo ndani. Hofu yao ilikuwa mtu mmoja kushika kila kitu. Ikumbuke hofu hiyo, nitairudia.

Sasa nusu ya baba yako. Nchi hiyo ilikwenda Olimpiki ya 1924 Ufaransa, ikachukua dhahabu ya mpira kwenye uwanja wa Colombes, nje kidogo ya Paris. Ikarudi 1928 Amsterdam ikachukua tena, safari hii kwa kuwafunga jirani zao Argentina. Ulaya nzima ikabaki mdomo wazi. Kwa hiyo FIFA ilipotafuta mwenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza, Uruguay ikasema: njooni kwetu, 18 Julai 1930 katiba yetu ya kwanza inatimiza miaka mia, nauli na malazi yenu juu yetu. Umewahi kuona mwenye harusi anayewalipia wageni nauli? Ndiyo hao.

Na wageni hawakuja. Italia, Hispania, Uholanzi, Hungaria na Sweden, wote waliokuwa wametaka uenyeji, walibaki kwao. Uingereza ndiyo usiseme, haikuwa hata mwanachama wakati huo. Kutoka Ulaya zilifika timu nne: Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia. Tatu za kwanza zilipanda meli moja, Conte Verde, zikifanya mazoezi juu ya sitaha, kombe lenyewe likiwa ndani ya meli hiyohiyo. Njiani wakawapitia Wabrazil pale Rio. Jumla timu 13. Baba yako alikuwa akifika hapo anacheka mpaka kahawa inamwagika: "Kombe la Dunia, na dunia haikwenda!"

Uwanja ulipewa jina la hiyo miaka mia ya katiba, Centenario. Mchoraji wake alikuwa Juan Antonio Scasso. Majukwaa mawili ya nyuma ya magoli wakayaita Colombes na Amsterdam. Kazi ilikwenda usiku na mchana, mvua ikawachelewesha, na mashindano yalipoanza 13 Julai uwanja ulikuwa haujawa tayari, mechi za mwanzo zikapelekwa kwenye viwanja vya klabu. Ulifunguliwa 18 Julai, Uruguay wakawafunga Peru 1–0, na mafundi bado hawajamaliza. Wewe uliniambia zege linataka siku 28 ndipo lifikie nguvu yake. Nilipokuwa nasoma habari za uwanja huo nilizihesabu hizo siku kwa vidole, nikakuwazia wewe na vile vimchemraba vyenu vya zege mnavyopeleka maabara.

Goli la siku hiyo lilifungwa na Héctor Castro, mtu wa mkono mmoja. Wa pili ulikatwa na msumeno wa umeme akiwa mtoto wa miaka 13, kazini. Nalisema hili makusudi. Vaa ile kofia yako ngumu hata kama inakuharibia nywele.

Nahodha, José Nasazzi, aliwahi kuwa fundi wa kuchonga marumaru. Kipa wao wa medali zote mbili, Andrés Mazali, alikamatwa akirudi hotelini usiku kwa kunyata baada ya kutoroka kambini, akaondolewa kikosini. Mimi ningemsamehe. Baba yako alisema ndiyo maana mimi si kocha.

Lakini mtu niliyetaka umjue ni José Leandro Andrade. Mweusi, kiungo, alikuwepo Colombes, alikuwepo Amsterdam na alikuwepo Centenario. Kabla ya jina kuwa kubwa aliwahi kung'arisha viatu. Na alikuwa mtu wa ngoma. Hapa ndipo mimi na baba yako tuligundua kuwa nusu zetu zinagusana. Montevideo, mji mkuu wao, ilikuwa bandari ya watumwa, na waliopelekwa huko hawakutoka Kongo na Angola peke yake. Wengine walipakiwa pwani ya Msumbiji, bahari hiihii ninayoisikia nikiandika. Wajukuu wao wana ngoma inayoitwa candombe, inapigwa kwa ngoma tatu, ndogo, ya kati na kubwa, kama unavyojua ngoma zinavyopangwa. Kikundi kimoja cha kanivali yao kilijiita Watumwa wa Nyanza. Nyanza, mwanangu, ng'ambo ya Atlantiki! Nilipolisoma hilo nilimwamsha baba yako usiku.

Kabla ya Andrade alikuwepo Isabelino Gradín, mweusi mwenzake. Mwaka 1916, kwenye mashindano ya kwanza ya Amerika Kusini, Uruguay waliwafunga Chile 4–0, Gradín akatia mawili. Chile wakalalamika wakitaka ushindi ubatilishwe, kwa hoja kwamba Uruguay wamechezesha Waafrika. Uruguay hawakumtoa. Naipenda nchi hiyo kwa jambo hilo, japo baadaye Andrade aliachwa akafa maskini, 1957, mjini Montevideo.

Fainali ilikuwa 30 Julai, Argentina tena. Waargentina walivuka kwa meli, watu wakapekuliwa silaha mlangoni, na mwamuzi, Mbelgiji John Langenus, alitaka kwanza ahakikishiwe usalama wake. Kila timu ikang'ang'ania mpira wake. Si mchezo, mpira wenyewe, ile ngozi! Ikaamuliwa kipindi cha kwanza uchezwe wa Argentina, cha pili wa Uruguay. Mapumziko Argentina wanaongoza 2–1. Mwisho Uruguay 4–2, na la mwisho akalitia yuleyule Castro. Baba yako alikuwa anasimama kulisimulia goli hilo, mkono mmoja mgongoni.

Kesho yake ikawa sikukuu ya taifa. Buenos Aires watu wakaupiga mawe ubalozi mdogo wa Uruguay. Na mwezi mmoja na siku chache baadaye, 6 Septemba, Jenerali Uriburu akampindua Rais Yrigoyen wa Argentina. Sisemi ni kwa sababu ya mpira. Bei za nyama na nafaka zilikuwa zimeanguka dunia nzima, na serikali nyingi zikaanguka nazo.

Watu wa Montevideo walitazama ng'ambo ya mto wakajiambia: hayo ni ya kwao, sisi tuna katiba, mpaka uwanja tumeuita kwa jina lake. Novemba hiyohiyo wakamchagua Gabriel Terra, mtu wa chama kilekile cha Batlle. Batlle mwenyewe alikuwa amekufa Oktoba 1929, hakuiona sherehe. Sufu haiuziki, nyama haiuziki, pesa yao inashuka thamani. Terra akaanza kusema lile Baraza la watu tisa ndilo linalochelewesha kila kitu. Wengi waliona ana hoja. Njaa huifanya hoja ya namna hiyo isikike vizuri.

Hapa katikati kuna jambo letu, lako na langu. Daktari Paulina Luisi, mwanamke wa kwanza nchini humo kuhitimu udaktari, alipigania kura ya wanawake miaka mingi. Mwaka 1927 kijiji cha Cerro Chato kiliwaruhusu wanawake kupiga kura kwenye kura ya maoni ya hapohapo. Lakini 18 Julai 1930, nchi ikisherehekea miaka mia ya katiba, mwanamke aliyekaa jukwaa la Amsterdam hakuwa na kura ya kuchagua mbunge wake. Sheria ilipita Desemba 1932.

Miezi mitatu baadaye, 31 Machi 1933, Terra akalivunja Bunge na Baraza pamoja, akayawekea magazeti mdomo. Baltasar Brum, aliyekuwa rais kabla na sasa mjumbe wa Baraza, alifuatwa nyumbani kwake kukamatwa. Akasimama mlangoni na bastola saa kadhaa, akingoja watu wainuke. Hawakuinuka. Akatoka mpaka barabarani, akajipiga risasi. Wanawake walikuja kupiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza 1938.

Kwa hiyo mwanangu, jibu langu ni hili, na baba yako angelipinga nusu. Ile furaha ya 30 Julai ilikuwa ya kweli. Simkubalii msomi anayesema watu walilevywa. Mzao wa watumwa, mchonga marumaru na mtu wa mkono mmoja waliifanya nchi yao ijulikane mpaka kwetu huku, na hilo ni faida. Uwanja haukumdanganya mtu. Kosa lilikuwa la wale walioona jukwaa limejaa wakadhani na Bunge lina watu wa kulisimamia. Brum aliwangoja watu walewale wa Centenario. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita.

Zege lenyewe limedumu. Mwaka 1983 FIFA iliutangaza uwanja huo mnara wa historia ya mpira, na Kombe la Dunia la 2030 limepangiwa mechi humo, kuadhimisha miaka mia ya lile la kwanza. Katiba yao ya 1919 haikufikisha miaka kumi na tano.

Wewe endelea kumwaga zege. Mashindano ya Afrika tumepewa pamoja na Kenya na Uganda, na mimi nitakuja na goti langu nikae jukwaa ulilolipima, niwasumbue majirani kwamba ni la mwanangu. Ila nina swali la kitaalamu, na hili usikate simu. Mara ya mwisho baba yako aliponipeleka uwanjani, uwanja ambao sitautaja, nilikosa kipindi cha pili karibu chote nikiwa kwenye foleni ya choo cha wanawake. Vilikuwa viwili, kimoja kimefungwa kwa kufuli. Kwenye ramani yenu mmeweka vingapi? Nenda kahesabu, uniambie Jumatano.

Mamako