Chotara wa sato na perege si tasa

Ndugu Mhariri,

Makala ya ufugaji wa samaki iliyotoka katika gazeti lako wiki mbili zilizopita nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale. Ni pale mwandishi anapomtuliza mfugaji asihofu bwawa likifurika, kwa kuwa samaki chotara ni kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi: hazai, na akiponyokea mtoni ataishi siku zake, atakufa, na habari yake itaishia hapo. Mhariri, haiishii hapo. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, nikayaamini, na leo naogopa nilichouachia mto uliomlisha baba yangu.

Ninafuga samaki Dakawa, wilayani Mvomero, jirani na Mto Wami. Bwawa langu lilichimbwa kwa majembe, mita 20 kwa 15, na mwaka 2022 nililijaza vifaranga 900 nilivyonunua kwa muuzaji aliyekuja navyo kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni. "Mama," aliniambia, "baba yao perege, mama yao sato. Wote madume, hawazai. Utavuna wakubwa watupu." Wote wawili ni tilapia: perege ni wa asili ya Wami wetu, sato ni wa kuletwa. Nilifurahi sana. Aliyewahi kufuga sato wa kawaida anajua ninachosema: miezi michache tu wameshaanza kuzaliana, chakula kinaliwa na umati wa watoto, na siku ya kuvuna unatoa debe la samaki wenye ukubwa wa kidole ambao hata mama ntilie hawataki.

Mavuno ya kwanza hayakuwa mabaya. Wengi walikuwa madume kweli, wakubwa, wenye mgongo mnene. Ila tulipokausha bwawa na maji yakabaki kifundoni, mwanangu alinyanyua samaki mmoja kwenye tope akaniita. Koo lake lilikuwa limevimba. Nilipombana kidogo mashavuni alitema mayai kiganjani mwangu, kama mia mbili hivi, ya manjano, kila moja kama punje ya uwele, na mengine yalishaanza kuonyesha nukta mbili nyeusi za macho. Jike, tena anaatamia mdomoni kama majike wote wa ukoo huu. Na alikuwa miongoni mwa wale 900. Bwawa lilikuwa jipya, halijawahi kuwa na samaki mwingine.

Nilimpigia muuzaji. Akasema labda wawili watatu walipenya. Tangu hapo nikaanza kuuliza na kusoma, na nimegundua kwamba tunachanganya mambo mawili: kuwa wa jinsia moja na kuwa tasa.

Kwa perege wetu huyu jike ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, kama ilivyo kwa kuku. Kwa sato anayeamua ni dume, kama ilivyo kwa binadamu. Ukichukua dume wa perege na jike wa sato, umewakutanisha wazazi ambao hakuna kati yao anayeamua jinsia, ndiyo maana watoto wote wanatoka wa jinsia moja, madume. Lakini ni madume kamili, wenye mbegu hai. Bwawani hawazaliani kwa sababu hawana wake. Mtoni wake wapo tele. Na kama mzazi mmoja tu kule kwenye kituo cha kuzalishia tayari ana damu iliyochanganyika, majike nao watatokea, kama alivyotokea wangu.

Nyumbu ni habari nyingine kabisa. Farasi ana kromosomu, zile nyuzi za mwilini zinazobeba urithi, 64, punda 62, nyumbu anabaki na 63, zisizopangika kwa jozi, na hapo uzazi unakwama. Sato ana 44 na perege ana 44. Wamekaribiana kiasi kwamba maumbile hayaoni kizuizi.

Na jambo hili halikuanza jana, tena limeanza na samaki wetu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 perege wa Zanzibar, ambao wataalamu huwaita kwa jina moja na hawa wa Wami, walipelekwa Malacca, katika Malaysia ya leo. Huko Mwingereza aitwaye C. F. Hickling aliwapandisha madume hao kwa majike wa tilapia wa Msumbiji, akapata watoto madume watupu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1960. Mbinu ikaenea, na sato naye akaingizwa kwenye kupandishwa huko. Kwa hiyo dume aliyeanza kuwapa wafugaji wa nchi za mbali vifaranga vya madume watupu ni huyu ambaye baba yangu alikuwa akimtoa kwenye mgono alfajiri na kumuuza kwa mafungu pembeni mwa barabara ya Dodoma. Nalisema hili kwa fahari, na ndiyo sababu inaniuma kumwona anachezewa.

Mwandishi wako alitoa mfano wa Marekani, ambako maziwa ya wavuvi wa burudani hupandikizwa chotara wa paiki na muskelunge, samaki wakubwa wanaokula wenzao. Mfano huo ni sahihi, dume wa chotara huyo hazalishi. Lakini nchi hiyohiyo, trauti wa upinde wa mvua alipopandikizwa kwenye mito ya magharibi yenye trauti wake wa asili, wawili hao walizaana, watoto wao wakazaa, na ipo mito ambako kumpata wa asili asiye na damu ngeni ni kazi. Ina maana huwezi kusema "chotara hazai" ukanyamaza. Inabidi useme ni chotara wa nani na nani.

Tena hatuna haja ya kuvuka bahari. Ziwa Naivasha, Kenya, liliwahi kugeuzwa bwawa la wavuvi wa burudani: mwaka 1925 wakatia tilapia wa Mto Athi, mwaka 1929 wakaleta samaki aitwaye besi kutoka Marekani kwa ajili ya wavuvi wa ndoana, na mwaka 1956 akaongezwa tilapia wa pili. Hao tilapia wawili wakapandana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 machotara walikuwa wamejaa ziwani, wala hakuna aliyewazalisha kwenye tangi. Kufikia miaka ya 1970 yule wa kwanza alikuwa hapatikani tena Naivasha. Ziwa Victoria nako sato aliletwa miaka ya 1950. Ngege, tilapia wa asili aliyekuwa ndiye samaki wa ziwa lile, leo yuko kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Sitasema ni uchotara peke yake. Sangara yupo, nyavu zipo. Lakini kuchanganyika na sato nako kumo.

Nirudi kwangu. Masika ya 2024 kila mtu wa Morogoro anayakumbuka. Usiku mmoja maji yalipita juu ya tuta, na asubuhi bwawa langu na shamba la mpunga la jirani vilikuwa kitu kimoja. Nilisimama na wavu mkononi bila kujua niutegee wapi. Ninachojua ni kwamba maji yale yaliposhuka yalishuka kuelekea Wami, na samaki wangu hawakuwepo.

Mwaka jana mpwa wangu aliniletea samaki aliowatoa mtoni. Perege dume wa Wami akiwa katika kuzaliana huwa mweusi, pindo la pezi la mgongoni jekundu, na mdomo umechongoka. Sato unamjua kwa mkia: mistari ya kusimama, iliyonyooka kama imepigwa rula. Alioniletea walikuwa na weusi ule na pindo lile, lakini mkia ulikuwa na mistari iliyokatikakatika, kama kalamu iliyoishiwa wino. Watano. Wawili kati yao walikuwa majike, mmoja mayai yamemjaa tumboni.

Macho yanaweza kudanganya, nakubali. Chotara wa kizazi cha tatu anaweza kufanana na babu yake kabisa, na perege halisi naye ana siku zake za kubadilika rangi. Wenye kuthibitisha ni wapimaji wa vinasaba. Watafiti wa TAFIRI, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa uvuvi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wameshaonyesha kwamba tilapia wa kuletwa wameenea katika mabonde mengi ya mito ya nchi hii, kwa hiyo ninachokieleza si ndoto ya mama mmoja wa Dakawa.

Sipingi ufugaji. Umenisomeshea watoto wawili. Ninachoomba ni gazeti lako lisahihishe sentensi ile, tena kwenye ukurasa uleule, kwa sababu nimeiona imepigwa picha na inazunguka kwenye kundi letu la wafugaji la WhatsApp, na wapo waliopumua wakasema basi hakuna haja ya kunyanyua tuta. Muuzaji wa vifaranga naye alazimike kuandika wazazi wa vifaranga vyake walitoka wapi, kama anavyoandika mwenye mbegu za mahindi. Sheria ya Uvuvi tunayo tangu 2003. Maofisa uvuvi watembelee mabwawa ya kando ya mito kabla ya masika, si baada.

Kwangu nimepandisha tuta kwa nusu mita zaidi na bomba la kutolea maji nimelifunga wavu wa matundu madogo. Sasa ninafuga perege wa hapahapa. Wanakua polepole kuliko chotara, na faida imepungua, sitaficha.

Wale samaki watano sikuwapika. Wako kwenye friza ya jirani yangu mwenye duka la soda, nimewafunga mmojammoja kwenye mfuko na karatasi yenye tarehe na sehemu walikovuliwa. Umeme ukikatika huwa namletea barafu. Kama mtaalamu yeyote wa vinasaba anasoma barua hii, naomba awasiliane nami kupitia ofisi yako, Mhariri, aje awachukue.

Mfugaji wa samaki,
Dakawa, Mvomero.