Madafrao ya kamba yasipakwe rangi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madafrao ya kamba za katani na za makumbi yanayozungushwa ubavuni mwa mashua za zamani kuzikinga zisigongwe, ambayo wenye vyombo wengi huyapaka rangi yakichakaa, jambo ambalo kwa maoni yangu huyamaliza upesi zaidi. Kamba ya asili hunyonya maji na kuoza kuanzia ndani. Rangi huyafungia maji hayo humo humo. Anayetaka kujua hali yake afungue msokoto kwa kijiti: nyuzi za ndani zikiwa zimefifia, zinanuka uvundo na zinakatika vidoleni kama vumbi, kamba hiyo haina dawa hata kama nje inapendeza.

Iliyo nzima isuguliwe kwa brashi laini na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ianikwe penye upepo hadi ikauke kabisa. Dawa ya klorini hudhoofisha nyuzi, na mashine ya maji ya kasi (naiona ikisifiwa mno) huzichana.

Wakati wa kubadilisha, ikumbukwe kwamba kamba mpya ikilowa hunenepa na kufupika, hivyo ikifungwa kavu na kukazwa sana huweza kung'oa misumari. Ni afadhali iloweshwe, ivutwe na ikauke ikiwa imevutwa, ndipo ifungwe. Kabla ya hapo, mbao zilizokuwa chini ya kamba kuukuu zichokonolewe kwa ncha ya kisu, kwa kuwa unyevu uliojificha hapo huozesha ubao bila mtu kujua.

Msomaji wako,
Mpenda vyombo vya mbao