Mjomba, rais si baba yetu

Mjomba, shikamoo.

Siku ile msibani ulituambia vijana kwamba rais ni baba, na mtoto mwenye adabu hamhoji baba yake. Sikukujibu mbele za watu. Nakuandikia sasa, maana hoja hiyo ina umri mkubwa kuliko sisi sote.

Aliyeipigania sana ni Sir Robert Filmer, bwana mwenye ardhi wa Kent, Uingereza. Alidai kuwa Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya wanawe wote, na wafalme wakayarithi. Kitabu chake, Patriarcha, kilichapwa 1680, miaka 27 baada ya kifo chake. Ndipo wafuasi wa mfalme walipokihitaji: wabunge walikuwa wanataka kumzuia James, mdogo wake mfalme, asije akarithi kiti.

Kumjibu Filmer kulikuwa hatari. Mwanasiasa Algernon Sidney aliandika jibu asilolichapa hata. Karatasi zikakamatwa kwake, zikasomwa mahakamani kuwa ushahidi, akakatwa kichwa Desemba 1683. Mwaka huohuo mwanafalsafa John Locke, Mwingereza naye, alikimbilia Uholanzi. Jibu lake kwa Filmer lilitoka 1689, James akiwa amerithi kiti na kisha kung'olewa, na bado hakuthubutu kuweka jina. Alikiri kuwa ni lake katika wasia tu, alipofariki 1704.

Na wala hakumvunjia baba heshima, mjomba. Alisema mtoto hutawaliwa kwa kuwa hajaweza kujiongoza. Akikua, utawala unakwisha, heshima inabaki. Ndivyo ulivyonilea. Mtawala naye hupata kazi kwa ridhaa ya watu, ili alinde uhai, uhuru na mali, haki walizokuwa nazo kwa sheria ya maumbile kabla ya serikali yoyote. Akizigeukia, wanaweza kumwondoa. Halafu (hapa ndipo ninapopapenda) anamkumbusha Filmer kwamba amri ya Mungu inasema waheshimu baba yako na mama yako. Kama utawala unatokana na uzazi, fungu la mama liko wapi?

Najua utanirudishia kwamba Locke huyohuyo aliwahi kuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza watumwa. Kweli, na ni aibu yake. Ila mtumwa aliyetaka kumshtaki angepata hoja kwa Locke mwenyewe. Kwa Filmer asingepata kitu, kwani kwake hakuna binadamu anayezaliwa huru.