Barua kwa mwanangu: wale kumi wa Sindar

Mwanangu,

Juzi kwa simu uliniuliza mbona kila Aprili lazima niongelee ile ajali ya helikopta ya jeshi huko Sindar, Elgeyo Marakwet, eti nchi haikuwa vitani, ni ajali kama zingine. Hayo mambo siwezi kukueleza kwa simu nikamaliza, acha nikuandikie.

Ile Alhamisi ya 18 Aprili 2024 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, hakuwa ameenda kutembea. Alikuwa ameenda kuona askari wetu waliotumwa huko juu kupambana na wezi wa mifugo wenye bunduki, na kuangalia zile shule zilizofungwa sababu ya risasi zikitengenezwa ndio watoto warudi darasani. Chopa ikapaa kutoka Cheptulel, Pokot Magharibi, na haikufika mbali, ikaanguka ikashika moto. Sasa niambie, mtu akifa akitafutia watoto wa wenyewe nafasi ya kusoma, si huko ni kufa kazini?

Na huyo alikuwa mwanahewa kabisa. Aliingia jeshini 24 Aprili 1984, wakati jeshi la wanahewa lilikuwa linajengwa upya baada ya lile jaribio la mapinduzi la 1982, hata jina la zamani lilikuwa limeondolewa na halikurudi hadi 1994. Fikiria kijana anaingia hapo wakati watu bado wanawaangalia wanahewa kwa jicho baya, anafunzwa kurusha zile ndege za kivita za F-5, anapanda cheo baada ya cheo mpaka anakuwa kamanda wa wanahewa, halafu Mkuu wa Majeshi yote. Zilibaki siku 6 tu atimize miaka 40 kazini, jamani. Wakamzika Jumapili kwao Ng'iya, Siaya, bila jeneza, vile alivyotaka mwenyewe. Mkubwa wa jeshi zima!

Lakini hiyo ya jeneza kila mtu anaijua. Wenye wananiuma zaidi ni wale 9 walioenda naye, kwa sababu watu walisema "Ogolla na wenzake" wakamaliza hapo. Kulikuwa na brigedia, kanali, luteni kanali, meja na kapteni waliokuwa wanairusha hiyo chopa, kapteni mwingine, na masajenti, mmoja wao mwanamke. Sajenti hapigiwi mizinga akizikwa mwanangu, na nyumbani kwake pia kuna kiti kimebaki wazi na kuna mtu bado anapiga pasi yunifomu ya shule akiwa peke yake, na zamani walikuwa wawili.

Na kazi yenyewe ndio hiyo hata bila vita, kuruka leo, kuruka kesho, milimani kwenye upepo unageuka ghafla, na hakuna anayewapigia makofi wakitua salama. Sisi huwa tunawajua wakianguka tu, na hiyo kwangu si haki.

Kwa hivyo tarehe 18 ikifika, usiposti picha ya jenerali peke yake. Tafuta majina yote 10, yapo, uyaandike na vyeo vyao, la sajenti kwa herufi kubwa sawa na la jenerali. Na wale wawili waliotoka hai uwaombee. Ukimaliza unitumie nami nipeleke kwa grupu ya familia.

Mamako