Land Cruiser ya zamani haipandi mlima? Usikimbilie kubadilisha injini

Mzee mmoja wa Mpwapwa alituletea gerejini kwetu Dodoma Land Cruiser yake fupi ya mwaka 1978, ile yenye injini ya petroli ya 2F, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Alikuja ameshakata shauri. "Kijana wangu, ing'oe hii, nitafutie injini ya 1HZ ya dizeli. Mlima Nyang'oro naupanda na gia ya pili, malori yananipita." Fundi wake wa awali alikuwa ameshampimia kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda, na kumwambia injini imekwisha: silinda zote sita zilisoma kati ya PSI 128 na 132, wakati kitabu cha kiwanda kinataka karibu 150.

Tulirudia kipimo, tukapata namba zilezile. Tukamwambia, Mzee, injini yako ni nzima, ila unaishi juu.

Dodoma mjini tuko takribani mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 12. Geji ya kompresheni inapima hewa hiyohiyo iliyobanwa, kwa hiyo injini inayosoma 150 pale Kurasini itasoma 130 hapa Area D bila kuwa na ugonjwa wowote. Sisi tunachotazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tano zikisoma 130 na moja 95, hapo ndipo tunamwagia oili kidogo kwenye ile moja na kupima tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Nguvu nazo zinapungua kwa kiasi hicho. Injini ya 2F, lita 4.2, ilitangazwa na nguvu za farasi 135. Toa kama 15 kwa ajili ya mwinuko, na hizo hakuna fundi wa kukurudishia kwa bei ndogo. Tatizo ni zile nyingine zinazopotea juu ya hizo kwa sababu gari bado limesetiwa kama liko pwani. Kabureta haijui kwamba umehamia Dodoma. Hewa imepungua, jeti (kile kitundu kinachopima petroli) ni ileile, petroli inazidi. Ukichomoa plagi unakuta masizi makavu meusi, yanabaki kwenye kidole. Plagi ya injini inayochoma vizuri ina rangi ya karanga iliyokaangwa kidogo.

Za Mzee zilikuwa nyeusi tano. Ya sita, ile ya nyuma karibu na ukuta wa kabini, ilikuwa nyeupe kabisa.

Huo weupe ndio uliotupa kazi ya maana. Kwenye 2F, manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja na zinatumia gasketi moja ndefu. Miaka arobaini ya kupashwa moto na kupoa inaipinda, na mara nyingi miisho ndiyo inaachia, silinda ya kwanza au ya sita. Fundi wetu alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha taratibu kwenye maungio injini ikiunguruma sailensi, bila kukanyagwa mafuta. Alipofika nyuma akatuita tusikilize: fyuuu, kama tairi ya baiskeli yenye pancha. (Kuna wanaomwagia petroli kutafuta uvujaji huo. Juu ya manifoldi ya moto! Tafadhali msikubali.) Manifoldi ilishuka, ikasawazishwa mashineni, ikapewa gasketi mpya.

Baada ya hapo tukashusha jeti kuu ya kabureta saizi moja, kisha tukaseti tapeti, yaani ule mwanya mdogo wa kila valvu. Valvu zote kumi na mbili zinasetiwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 za kuingiza hewa, 0.35 za moshi. Za Mzee zilikuwa zimebanwa ili "zisipige kelele". Tapeti inayopiga kelele kidogo ina afya kuliko iliyobanwa mpaka valvu haifungi.

Taiming, yaani wakati wa cheche kuwaka, ndiyo raha yangu binafsi. Ukifungua kidirisha cha nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, unaiona gololi ndogo ya chuma iliyopachikwa kwenye flaiwili; hiyo ni digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu, na ndipo kiwanda kinataka cheche iwake. Hewa nyepesi inaungua polepole na haigongi haraka, kwa hiyo huku juu tunasogeza mbele digrii mbili au tatu, halafu tunalijaribu gari mlimani, mzigo ndani, madirisha wazi. Ukisikia mlio wa kokoto kwenye kopo, rudisha nyuma.

Mzee alirudi wiki mbili baadaye kutoka Iringa. Nyang'oro aliupanda na gia ya tatu.

Hela ikibaki, kitu cha kwanza ninachoshauri ni distribyuta ya kielektroniki ya 2F za baadaye, uachane na pointi na kondensa. Silinda hedi ikishuka kwa sababu nyingine, ikwanguliwe kidogo kuongeza kompresheni, maana 2F ina 7.8 kwa 1 tu na mwinuko wetu unaruhusu. Ekzosi pana ya kunguruma tutakufungia ukitaka, lakini hii ni injini ya kuvuta chini, utanunua sauti zaidi ya nguvu. Vile vichujio vya hewa vya wazi vinavyong'aa sivifungi: vumbi la Agosti la barabara za Kongwa litakula ringi zako. Bakia na kile cha bakuli la oili, ukisafishe mara kwa mara. Na rejeta usiijaze maji ya kisima, chumvi yake mnaijua.

Wenye Datsun 240Z pia mnakaribishwa, kama bado mpo. Silinda sita zilezile za mstari, na gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Kabureta zake ni mbili, kwa hiyo kuzilinganisha kunataka siku nzima.

Njoo asubuhi, utuachie gari kutwa. Bei tunakutajia baada ya kupima, kabla hatujafungua boliti hata moja. Jeti yako ya zamani tunaifunga kwenye kimfuko na kuiweka ndani ya dashibodi: ukihamia Dar, irudishwe pamoja na taiming, la sivyo injini itakosa petroli na kuunguza valvu.