Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili

Lamu, 1 Agosti 2025

Kwa wazazi na walezi wote,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Muhula umekwisha salama, alhamdulillahi. Ripoti mmeshakabidhiwa, zisomeni, mzitie sahihi, zirudi siku ya kufungua. Gredi ya 9 wanaukabili mtihani wa KJSEA, ule wa kitaifa wa kumaliza sekondari msingi, muhula ujao, nao ndio wa kwanza nchini kuufanya, kwa hiyo likizo yao si ya kulala. Mabomba ya vyooni yametengenezwa.

Sasa niseme la michezo, maana nimelingojea.

Mwaka huu walimu tulikubaliana kutogusa kitu katika mashindano ya madarasa. Filimbi, ratiba, saa, daftari la alama, maji ya kunywa, kamba za kuzungushia uwanja, vyote vikawa mikononi mwa watoto. Kila mtoto wa Gredi ya 5 hadi ya 8 alipewa kazi, na kila raundi kazi zikabadilishwa, ili mfungaji hodari naye aionje tabu ya anayeandika magoli yake. Wapo waliolia walipoambiwa leo huchezi, leo unatunza saa. Wiki iliyofuata ndio hao hao waliokuwa wakiigombania saa.

Kwenye netiboli, pasi ya kati, ile ya kuanzisha mchezo, huenda kwa zamu baada ya kila goli, bila kujali nani amefunga, na asipokuwapo wa kuandika, ugomvi hauishi. Binti aliyeshika daftari alichora mshale kwa kila zamu. Akiulizwa hajibu, analigeuza daftari tu, wenyewe wanatazama na kunyamaza. Kikosi cha huduma ya kwanza nacho kabla ya kila mechi kilitembea uwanja mzima bega kwa bega, kikiokota makombe ya baharini na vipande vya chupa. Sanduku la dawa halikufunguliwa hata mara moja.

Lakini walionishangaza zaidi ni kamati ya ratiba. Uwanja wetu mnaujua, ni mchanga wa pwani, bahari ikitaka inauchukua. Nusu fainali waliiweka Alhamisi tarehe 17 Julai saa kumi jioni, kwa kuwa Alhamisi wengi hawaendi madrasa. Yalikuwa maji mafu, yale yasiyopanda sana, uwanja mkavu, mambo yakaenda. Fainali wakaiandika Alhamisi iliyofuata, saa ile ile. Mtoto mmoja wa Gredi ya 6, ambaye darasani sauti yake huisikii, akainua mkono: "Tarehe 24 ni mwishoni mwa Muharram, ni bamvua, maji makubwa. Saa kumi maji yamejaa. Tutacheza na pono?" Wakacheka, wakanyamaza, kisha wakashuka pwani kuwauliza wavuvi. Fainali ikahamishwa hadi saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka, nao wakaja ofisini wenyewe kuomba kipindi cha hesabu kisogezwe. Nikawapa, maana hesabu walikuwa wameshaifanya. Saa kumi ile nilishuka kutazama: milingoti ya goli imesimama majini.

Gredi ya 8 walishinda, kama kawaida yao.

Nije kwenye lililonikera, nalo ni la nusu fainali. Refa alikuwa msichana wa Gredi ya 7, na msaidizi wake pembeni mvulana wa Gredi ya 5. Mpira ulipigwa kichwa, kipa akaudaka pale pale juu ya kamba ya mstari wa goli. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari ndipo liwe goli, nusu haitoshi. Yule kijana alikuwa amesimama usawa wa kamba, akaona haukuvuka, bendera akaiacha chini. Refa akaamuru mchezo uendelee.

Hapo watu wazima mkaingia uwanjani. Mzazi mmoja, simtaji, anajijua, alimpokonya mtoto bendera mkononi na kumwambia hana macho. Mwingine alimwambia refa arudi jikoni kwa mamake. Haya yote mbele ya wenzao na wadogo zao. Nahodha wa timu iliyonyimwa goli alimwendea refa, mikono nyuma, akauliza kwa adabu, akajibiwa, akarudi kucheza. Alifundishwa kazi yake na akaifanya. Refa naye aliendelea kuchezesha hadi filimbi ya mwisho, machozi yakimtoka. Nyinyi wazazi kazi yenu siku ile ilikuwa moja tu, kukaa nyuma ya kamba na kushangilia, nayo ikawashinda.

Kuanzia muhula ujao, mtu mzima akivuka kamba mechi itasimama, na timu ya mtoto wake itahesabiwa imeshindwa. Mtasema watoto wanaonewa. Ni kweli wataonewa, basi lifikirieni hilo kabla ya kuinua mguu. Wale wawili nawangoja ofisini kabla shule haijafunguliwa, kisha watawaomba radhi watoto hao gwarideni. Waje wenyewe, wasinitumie shangazi wala mjumbe.

Kuhusu utoro: harusi tunazijua na bahari tunaijua, lakini mtoto aliyepangiwa kutunza saa akipelekwa kuvua, wachezaji 22 wanakaa mchangani wakimngoja. Ilitokea, tena si mara moja. Mzazi mwenye dharura amwarifu mwalimu wa darasa siku moja kabla.

Pesa za chakula cha mchana: orodha ya wadaiwa iko kwa walimu wa madarasa. Maharagwe hayaivi kwa ahadi, na mwenye duka ameshanifuata mpaka msikitini.

Shule itafunguliwa Jumatatu, tarehe 25 Agosti. Kipimo cha sare za michezo kitachukuliwa siku hiyo hiyo.

Na ile bendera bado haijarudi. Ni kitambaa chekundu kwenye fito ya mkoko, watoto waliishona wenyewe. Iletwe.

Wassalaam,

Mwalimu Mkuu